Je, Wajua? Sauti Zinazopikwa kwa Umeme

Sogea hapa benchi, ndugu yangu, ukae mkao wa kula. Safari hii safu yetu imetua Randburg, kaskazini-magharibi mwa Johannesburg, ambako chumba cha kupanga, laptop na hedifoni vinatosha kukufanya fundi wa sauti. Chombo chetu ni sinthesaiza, mashine inayounda sauti kwa umeme: bila uzi, bila ngozi, bila pumzi. Ya kujua mwanzoni ni manne tu: wimbi, filta, muda na mtikisiko. Tayari? Haya!

Tuanzie mtaani

Je, wajua kwamba ile besi ya amapiano inayotikisa vioo vya teksi za Randburg haipigwi na ngoma yoyote? Inaitwa log drum, na asili yake ni sinthesaiza ndogo ya Fruity DX10, iliyomo ndani ya programu ya FL Studio. Hakuna gogo lililochongwa, hakuna ngozi iliyowambwa!

Nani aliiibua? Prodyuza anayetajwa na wengi ni MDU aka TRP. Sauti ilikuwa imejikalia kwenye orodha ya programu, yeye akaipa kazi ya besi, na mabara yote yakaanza kucheza.

FL Studio yenyewe, usidhani imetoka Marekani au Japani. Ilizaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Na mpaka leo ukiinunua mara moja unapewa matoleo mapya bure, maisha yako yote.

Mwaka 2021 mtoto wa Tandale alikutana na mtoto wa Ga-Rankuwa. Diamond Platnumz alimshirikisha Focalistic na wenzake kwenye "Iyo", na log drum ikaingia kwenye kumbi za Dar es Salaam kama imezaliwa Kariakoo. Bongo Fleva haijatulia tangu siku hiyo!

Je, wajua DStv yako ya Dodoma, Mombasa au Kampala makao yake makuu yako wapi? Randburg, Barabara ya Bram Fischer! Vile vionjo vya sauti vya sekunde chache kati ya kipindi na kipindi ni kazi ya mafundi wa sauti, kazi hii hii unayoanza kujifunza.

Manfred Mann, mmoja wa wapigaji wa sinthesaiza waliovuma sana duniani, ni mzaliwa wa Johannesburg, mwaka 1940. Mwaka 1977 bendi yake ilishika namba moja Marekani kwa "Blinded by the Light". Silaha yake jukwaani? Minimoog!

Usiondoke, kuna mwingine. Trevor Rabin, mzaliwa wa Johannesburg mwaka 1954, ni mmoja wa watunzi wa "Owner of a Lonely Heart" ya bendi ya Yes, namba moja Marekani Januari 1984. Ile milipuko ya ghafla inayokushtua humo ni vipande vya sauti vilivyorekodiwa, kisha vikapigwa kwa kibodi.

Umewahi kucheza "Umqombothi" ya Yvonne Chaka Chaka harusini? Hiyo ni sinthesaiza na mashine ya ngoma, ikisifu pombe ya kienyeji ya mahindi na mtama. Na ndiyo unayoisikia filamu ya "Hotel Rwanda" ya mwaka 2004 inapoanza.

Wimbi: hapo ndipo sauti inapozaliwa

Sikio zima la binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Mbwa wako anapita 40,000! Kila sauti utakayounda itabidi ikae ndani ya uwanja wako wewe, si wake.

Noti ya kurekebishia ala karibu dunia nzima ina mitetemo 440 kwa sekunde. Zidisha kwa mbili, 880, unapata noti ile ile juu yake. Gawa kwa mbili, 220, ile ile chini yake. Hesabu ya shule ya msingi inatosha kabisa!

Je, wajua kwamba sinthesaiza nyingi huanza na mawimbi manne tu? Kuna la saini lililo laini, la pembetatu, la mraba na la msumeno. Kutoka kwa hayo manne utapata besi, filimbi, zeze, king'ora na mengine yasiyo na jina.

Wimbi la saini ni sauti tupu: noti moja, basi. Wimbi la msumeno limebeba ndani yake mitetemo mingine mara mbili, mara tatu, mara nne, mara tano, na kuendelea mpaka sikio lichoke. Ndiyo maana moja linapuliza kama mluzi na jingine linaunguruma!

Wimbi la mraba lina ubaguzi wa ajabu: linabeba mara tatu, mara tano, mara saba, namba witiri tupu. Klarineti nayo hupendelea namba hizo kwenye noti zake za chini, kwa umbo la bomba lake. Bonyeza noti ya chini ya wimbi la mraba, sikiliza, kisha niambie kama hukuiona klarineti.

Mfaransa Joseph Fourier alionyesha kwamba wimbi lolote linalojirudia linaweza kujengwa kwa kurundika mawimbi ya saini. Kitabu chake cha mwaka 1822 hakikuhusu muziki hata kidogo. Kilihusu joto! Na mtu huyo huyo alikuwa amekwenda Misri mwaka 1798 pamoja na Napoleon.

Umecheza Super Mario? Muziki wake wa mwaka 1985 ulitoka kwenye chipu yenye mawimbi mawili ya mraba, moja la pembetatu na mngurumo mmoja, pamoja na njia moja ya sauti zilizorekodiwa. Njia tano tu, na mpaka leo unaupiga mluzi bafuni!

Ule mchakacho wa "shhhh" wa redio iliyopotea stesheni ni mali, usiudharau. Una mitetemo ya kila aina kwa wakati mmoja, na ndiyo malighafi ya upatu, kayamba, upepo na mawimbi ya bahari. Ufupishe sana, umepata kayamba. Uache uende na kurudi polepole, umefika Bagamoyo.

Je, wajua wimbi la besi lina urefu gani hewani? Noti yenye mitetemo 55 kwa sekunde huzaa wimbi la zaidi ya mita 6! Pima chumba chako cha Randburg: huenda noti ni ndefu kuliko nyumba.

Na hii je? Spika ya simu yako haina uwezo wa kutoa besi hiyo ya chini, lakini wewe unaisikia! Ubongo unasikia harmoniki zake, ile mitetemo ya juu ya mara mbili, mara tatu na kuendelea, unapiga hesabu, kisha unakujazia noti isiyokuwepo. Mafundi wanajua, ndiyo maana huongeza ukali kidogo juu ya besi ili isipotee simuni.

Piga wimbi la mitetemo 440 na jingine la 442 kwa pamoja. Utasikia sauti ikivimba na kunywea mara mbili kwa sekunde, sawasawa na tofauti yao. Ndiyo siri ya sauti zile nene, zinazojaa ukumbi: mawimbi mawili au matatu yaliyopishana kwa nukta tu.

Hatua moja kati ya kitufe na kitufe kwenye kinanda imegawanywa vipande 100. Pishanisha mawimbi mawili ya msumeno kwa vipande 7 au 10 tu, na sauti nyembamba inageuka ukuta. Jaribu sasa hivi, nitakusubiri.

Filta: kupunguza ndiko kuumba

Je, wajua kwamba jirani yako anakufundisha filta kila Jumamosi usiku? Unasikia besi ya muziki wake lakini maneno huyapati, kwa sababu ukuta unapitisha mitetemo ya chini na kuzuia ya juu. Filta inayotumika zaidi kwenye sinthesaiza hufanya hivyo hivyo, ila ukuta wake unausogeza kwa nobu.

Hata mdomo wako ni filta! Imba noti moja ukisema "aaa", kisha "uuu", bila kupanda wala kushuka. Koo halikubadilisha noti, umebadilisha umbo la mdomo tu, na sikio likasikia irabu mbili tofauti.

Minimoog iliingia sokoni mwaka 1970 ikiwa na vitufe 44, na ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Bonyeza vitufe kumi, bado unapata moja! Lakini filta yake ilikuwa nene na tamu kiasi kwamba watengenezaji wanaiiga hadi leo.

Mashine hizo za zamani zilikuwa na maudhi yake. Joto likipanda au kushuka, nazo zinapotea noti! Fikiria usiku wa Julai hapa Johannesburg, baridi inakaribia nyuzi sifuri, na kinanda chako kinahitaji kupashwa kabla hakijakubali kuimba.

Sikia hili la soda. Miaka ya 1970 Suzanne Ciani aliunda kwa sinthesaiza ya Buchla sauti ya chupa ya Coca-Cola ikifunguka na kumiminwa, kwa ajili ya matangazo. Watu walisikia kiu. Kumbe wanasikia umeme!

Muda: sekunde moja ina mambo

Piano na zeze zikipiga noti moja, unazitofautishaje? Sehemu kubwa ya jibu iko mwanzoni kabisa, kwenye chembe ya kwanza ya sekunde. Mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer alikata mwanzo wa mlio wa kengele kwenye rekodi, na kengele ikaacha kuwa kengele!

Kwa hiyo sinthesaiza ina nobu nne za muda, zinazoitwa kwa pamoja envelopu. Ya kwanza huamua sauti inapanda upesi kiasi gani, ya pili inashuka vipi, ya tatu inadumu kwa nguvu gani kidole kikiwa bado kimebonyeza, ya nne inafifia vipi ukiachia. Nobu nne tu, na wimbi lile lile linakuwa ngoma, kinanda au ukungu.

Envelopu za kwanza za Robert Moog, mtengenezaji wa sinthesaiza, zilihitaji kitu cha kuziamsha. Mwaka 1964 mwenzake Herb Deutsch alitumwa duka la vifaa akanunue kitufe cha kengele ya mlangoni! Ding-dong, teknolojia mpya imebisha hodi.

Casio walikuwa na kikokotoo kinachopiga muziki, kiitwacho VL-1. Unaandika namba ya tarakimu nane, na tarakimu hizo ndizo zinazopanga wimbi na envelopu ya sauti yako. Mwaka 1982 kilisikika kwenye wimbo "Da Da Da" wa kundi la Trio, uliovuma Ulaya nzima. Mwalimu wa hesabu angesemaje?

Sasa tupike ngoma kuu, hatua kwa hatua, wewe na mimi. Chagua wimbi la saini, lianzishe kwenye mitetemo 200 kwa sekunde, lishushe hadi 50 ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sauti ianze papo hapo, ififie ndani ya nusu sekunde. Dum! Hujagusa ngoma, na dirisha limetetemeka.

Umenogewa? Chukua ule mchakacho wa redio, uupe mwanzo wa ghafla na mwisho wa haraka, ongeza noti fupi chini yake. Pa! Umepata ngoma ya pili, na biti imeanza.

Mtikisiko: tikisa kidogo, tikisa sana

Ndani ya sinthesaiza kuna wimbi la polepole ambalo kazi yake si kusikika. Linatikisa vingine! Likitikisa noti mara 5 au 6 kwa sekunde, unapata mtetemo wa koo la mwimbaji wa taarabu. Likipandisha na kushusha noti taratibu na kwa upana, unapata king'ora cha polisi.

Je, wajua nini hutokea mtikisiko huo ukiuongeza kasi kupita kiasi? Mwaka 1967, chuoni Stanford, John Chowning alijaribu. Zaidi ya mara 20 kwa sekunde sikio linaacha kusikia mtikisiko, linasikia sauti mpya kabisa: kengele, shaba, mbao!

Yamaha walinunua haki ya kutumia ugunduzi huo, na mwaka 1983 wakatoa DX7. Mawimbi sita ya saini yanatikisana kwa mipangilio 32, na zaidi ya mashine 200,000 ziliuzwa. Stanford ilivuna zaidi ya dola milioni 20 kutokana na mtikisiko mmoja!

Sasa kumbuka log drum tuliyoanza nayo. Fruity DX10 hutumia mbinu hii hii, wimbi kutikisa wimbi. Kutoka maabara ya California hadi teksi ya Randburg, bila kupitia msituni kukata gogo.

Mwaka huo huo wa 1983, Brenda Fassie na The Big Dudes walitoa "Weekend Special" hapa Afrika Kusini. Na mwaka huo huo vinanda vya kampuni mbili shindani viliunganishwa kwa waya mmoja na kuelewana, kwa lugha ya MIDI. Mwaka gani huo, jamani!

Vilivyotumiwa ndivyo sivyo, vikawa dhahabu

Roland TB-303 ilitoka mwaka 1981 ili mpiga gitaa asiye na mpiga besi awe na wa kumsindikiza. Ilidoda, ikasimamishwa mwaka 1984. Vijana wa Chicago wakaziokota kwa bei ya chee, wakazungusha nobu za filta huku ikipiga, na mwaka 1987 "Acid Tracks" ya Phuture ikafungua ukurasa mpya wa muziki wa dansi.

Subiri, Mumbai ilikuwa imewahi! Mwaka 1982 Charanjit Singh, mwanamuziki wa filamu na harusi, alipiga raga kumi za Kihindi kwa TB-303 hiyo hiyo juu ya mdundo wa disko. Santuri haikuuza, na miaka ishirini na zaidi baadaye wasikilizaji hawakuamini tarehe iliyoandikwa.

Mashine ya ngoma ya TR-808 ilipata mchakacho wake mtamu kutokana na transista mbovu, zilizonunuliwa kwa makusudi! Ziliuzwa kama 12,000 tu kati ya 1980 na 1983. Transista hizo mbovu zilipokosekana, mashine ikafa, na sauti yake inaishi kwenye simu yako leo.

Mwanzilishi wa kampuni ya Roland, Ikutaro Kakehashi, alianza ujanani kwa kutengeneza saa. Mwaka 2013 alipewa tuzo ya Grammy ya ufundi pamoja na Mmarekani Dave Smith, kwa ajili ya MIDI. Fundi saa akaziwekea mashine za dunia nzima saa moja!

Okuda Hiroko alikuwa mfanyakazi mpya wa Casio alipotunga mdundo mdogo wa kibodi ya MT-40. Mwaka 1985 Wajamaika wakaubonyeza, wakaupunguza kasi, wakapata "Under Mi Sleng Teng". Mamia ya nyimbo za rege zimejengwa juu ya kitufe hicho kimoja.

Na Auto-Tune, inayonyoosha sauti za waimbaji wa Bongo Fleva? Aliyeibuni mwaka 1997, Andy Hildebrand, alitoka kwenye kazi ya kutafuta mafuta ardhini kwa mawimbi ya sauti. Alitafuta mafuta, akapata koo!

Afrika ilikuwepo tangu mwanzo

Je, wajua kwamba mwaka 1944, miaka minne kabla ya Schaeffer kukata kengele yake, Mmisri Halim El-Dabh alishatangulia? Alirekodi sherehe ya zar mjini Cairo kwa mashine ya waya, akaondoa baadhi ya mitetemo, akaongeza mwangwi. Filta na mwangwi, kabla hujazaliwa wewe na pengine babu yako.

Mhabeshi Hailu Mergia alitoa kanda mwaka 1985 akichanganya kodiani, DX7 na Moog. Kisha akawa dereva wa teksi Washington, na kibodi ya betri ikikaa kwenye buti. Abiria hakuna? Anaitoa, anafanya mazoezi!

Mnijeria William Onyeabor alitoa albamu zake za sinthesaiza kati ya 1977 na 1985. Kisha akaokoka, akakataa kabisa kuzizungumzia. Dunia ilizidi kuuliza, yeye akazidi kunyamaza.

Prodyuza Nozinja wa Afrika Kusini alikuwa na biashara ya kutengeneza simu kabla hajaingia kwenye muziki. Akaondoa gitaa na besi kwenye muziki wa Watsonga, akaweka marimba ya kibodi, akakanyaga mafuta hadi midundo 180 kwa dakika. Jaribu kuucheza, kisha unipigie ukiwa umelala chini.

Lakini Tandale na Manzese wanakucheka! Singeli ya Dar es Salaam hukimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika, wakati amapiano inatembea kwenye 112 hivi. Mwaka 2017 albamu ya "Sounds of Sisso" iliipeleka hadi Ulaya, kwa kompyuta za kawaida kabisa.

Majitu ya zamani

Sinthesaiza yako haina uzito. Telharmonium ya Thaddeus Cahill, iliyopiga muziki kupitia nyaya za simu New York mwaka 1906, ilikuwa na uzito wa tani 200! Ndovu thelathini, ndugu yangu, wa kupiga wimbo mmoja.

Mwaka 1920 Mrusi Lev Termen alitengeneza ala inayopigwa bila kuguswa: mikono inapepea hewani, sauti inafuata. Mwaka 1922 alimwonyesha Lenin mwenyewe. Na Robert Moog alianza biashara kwa kuuza ala hizo hizo, akiwa na umri wa miaka 19.

Mwaka 1961 kompyuta ya IBM 704 ilifundishwa kuimba "Daisy Bell". Mwandishi Arthur C. Clarke aliisikia, na mwaka 1968 kompyuta ya filamu "2001" ikaimba wimbo huo huo. Leo simu yako inaimba nawe unailalamikia chaji!

Mwaka 1968 Wendy Carlos alirekodi muziki wa Bach kwa sinthesaiza ya Moog, noti moja moja, utepe juu ya utepe. Mashine haikuweza kupiga mbili pamoja! "Switched-On Bach" ilichukua tuzo tatu za Grammy na kuuza zaidi ya nakala milioni moja.

Sasa zamu yako

Una laptop? Basi una maabara. Programu ya sinthesaiza ya Vital, iliyotoka mwaka 2020, ina toleo la bure. Surge XT ni bure yote. Na Dexed, nayo ya bure, inasoma hata sauti zilizotungwa kwa ajili ya DX7 ya 1983. Mifuko mitupu si kisingizio tena!

Anza na priseti tupu, ile isiyo na pambo lolote: wimbi moja la msumeno, filta wazi. Funga filta polepole kwa nobu mpaka sauti izame, kisha ifungue tena. Umesikia? Hiyo "wiiiaau" imeuza mamilioni ya santuri.

Umeme ukikatika Randburg, usikate tamaa. Laptop yenye betri na hedifoni zinaendelea kupika sauti gizani, wakati studio kubwa ya mashine za ukutani imezima yote. Siku hiyo anayeanza anamshinda tajiri!

Na kabla hujainuka, hesabu ya mwisho. MIDI huipa kila nobu ya kawaida nafasi 128. Nobu tano tu zina mchanganyiko 34,359,738,368, zaidi ya bilioni 34! Ukijaribu mmoja kila sekunde, usile, usilale, utamaliza baada ya miaka kama 1,089. Bado umekaa hapa benchi? Nenda kazungushe, umeshachelewa!